Sikukuu ya Mbwa wa Nyumbani: Biskuti za Viazi Vitamu, Ndizi na Dagaa

Ikiingia Desemba, Brussels hunukia mdalasini. Madirisha ya waoka mikate hujaa speculoos zenye sura ya Mtakatifu Nikolasi, mikate ya cougnou iliyofinyangwa kama mtoto mchanga aliyeviringishiwa nguo, na chokoleti za kila umbo. Kuanzia Bourse hadi Sainte-Catherine, vibanda vya soko la Krismasi husimama bega kwa bega. Kwa watoto wetu ni mwezi mtamu kuliko yote. Kwa mbwa anayelala chini ya meza ni mwezi wa hatari, kwa sababu vingi vinavyopita juu ya meza hiyo vinaweza kumdhuru. Na tusijidanganye kwamba chakula chetu kina nafuu. Pilau, mchuzi wa nazi wenye vitunguu vyake na nyama iliyolazwa kwenye kitunguu saumu si salama kwake hata kidogo.

Dawa yake si kumfungia mbwa chumbani mchana kutwa. Dawa ni kumpa chake. Mbwa mwenye kitu cha kutafuna hupunguza kuombaomba, na mtoto aliyeshika biskuti halali ya mbwa hana sababu ya kumpenyezea chokoleti chini ya meza. Biskuti hizo unaweza kuzioka mwenyewe kwa saa moja, kwa vitu ambavyo jikoni kwa Mswahili havikosekani.

Kutoka mgombani hadi sebuleni

Nimekulia Moshi, upande wa mlimani. Mbwa wetu alikuwa mlinzi. Alilala nje, alikula ugali uliobaki na makoko ya sufuria, na hakuna aliyemwita mtoto wa nyumba. Lakini hata yeye alikuwa na sikukuu yake. Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, mbuzi huchinjwa, na siku hiyo mbwa alipata vipande vya utumbo na mfupa mbichi. Hakuna aliyeiita zawadi, ila mbwa alijua kwamba siku ile si ya kawaida.

Hapa mambo ni mengine. Tunakaa ghorofani, ua hakuna, na mbwa hana cha kulinda zaidi ya kapeti. Wetu anaitwa Simba. Ana kilo 8 na hafanani na simba hata kidogo. Tulimchukua kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa. Mzee mmoja jirani yetu alipomwona mara ya kwanza alicheka, akasema neno moja tu: "Zinneke!"

Baadaye nikajua maana yake. Katika lahaja ya zamani ya Brussels, zinneke ni mbwa chotara wa mitaani, jina lililotokana na mto Zenne, ambao mbwa hao walizurura kandokando yake. Neno hilo hilo hutumika pia kwa mtu wa Brussels mwenye asili mchanganyiko, na wenyeji wanalibeba kwa fahari. Katika Rue des Chartreux kuna sanamu ya shaba ya mbwa anayekojolea nguzo ya barabarani, kazi ya Tom Frantzen ya mwaka 1998. Mwaka 2000 yakaanza maandamano ya Zinneke Parade, ambayo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili na kuwakusanya watu wa vitongoji vyote vya mji. Binti yangu, aliyezaliwa Moshi na anayesoma kwa Kifaransa, alipoelezwa hayo alifikiri kidogo akasema, "Basi hata mimi ni zinneke."

Huyu binti alipofika hapa alikuwa na miaka 7. Shuleni alinyamaza kwa miezi. Alipokishika Kifaransa, mambo yakageuka nyumbani: Kiswahili akawa anakijibu kwa maneno mawili matatu, kisha anarudi kwenye lugha ya wenzake. Simba alipokuja, mtoto mwenyewe aliamua kumfundisha amri kwa Kiswahili: kaa, njoo, acha, subiri. Leo mbwa huyu ukimwita kwa Kifaransa anakutazama tu. Mtoto humsimulia habari za shule, humgombeza, humbembeleza, vyote kwa Kiswahili. Wazazi mnaolea watoto ugenini mnajua kitu hicho kina thamani gani.

Ndiyo maana sikulichukulia swali lake kama upuuzi. Usiku wa tarehe 5 Desemba watoto wa Ubelgiji huacha kiatu sebuleni, na kando yake huweka karoti kwa ajili ya punda wa Mtakatifu Nikolasi. Kwa Waflemi ni farasi. Asubuhi ya tarehe 6 hukuta chokoleti, machenza na speculoos. Binti yangu alishika karoti mkononi, akaniuliza, "Mama, punda anapata karoti. Simba je?"

Swali la bibi

Mwezi huo mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kwa viza ya miezi mitatu. Alikaa mezani akitutazama tukikanda unga, kimya, mpaka akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, hiki mnachopika ni cha mbwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na ada ya mtoto wa kaka yako mmeshatuma?"

Ilikuwa imeshatumwa. Shule za Tanzania hufungua Januari, na sisi tulio nje tunajua simu za Desemba zinahusu nini. Lakini ada kulipwa hakulimalizi swali la mama. Kila mmoja wetu huku anabeba hesabu mbili, ya nyumba anayoishi na ya nyumba aliyotoka, na mfuko ni mmoja. Siwezi kumwambia mwanamke aliyesomesha watoto kwa kuuza ndizi kwamba yai la mbwa na yai la mtoto hayahusiani. Yanahusiana.

Nilichofanya ni kumwonyesha hesabu. Unga gramu 250, kiazi kitamu kimoja, yai moja. Vyote havifiki euro 2, na vinatoa vipande 60 ambavyo Simba anavila kwa wiki nne. Dukani, boksi dogo lenye utepe mwekundu linazidi hapo mara kadhaa. Tukakubaliana sheria ya nyumba: sikukuu ya Simba hutoka kwenye vitu vilivyopo jikoni. Hatununui sweta la Krismasi la mbwa wala kalenda yenye vidirisha 24.

Mama alisikiliza, akanyamaza, kisha akauliza swali la pili, ambalo lilikuwa bora kuliko maelezo yangu yote.

"Kama ni vya jikoni, mbona hamjaweka dagaa? Mbwa gani anayetaka kiazi?"

Mapishi ya pili hapa chini ni yake.

Visivyofaa kabisa

Kabla ya kuwasha oveni, toa vitu hivi mezani na umwambie kila mgeni.

*Vitunguu vya aina zote.* Kitunguu maji, kitunguu saumu na liki huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kupika, kukausha au kusaga hakuondoi sumu hiyo. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa mbwa zinatosha kuleta madhara. Kwa mbwa wa kilo 8 hiyo huanzia gramu 120, yaani kitunguu kimoja kikubwa, na kitunguu saumu ni kikali zaidi. Dalili huchelewa siku kadhaa: mbwa analegea, ufizi unapauka, mkojo unakuwa mwekundu au wa kahawia. Ndiyo sababu huko nyumbani wengi husema, "Mbona mbwa wetu walikula mchuzi na hawakufa?" Mbwa akilegea Alhamisi, ni nani atakayekumbuka mchuzi wa Jumapili?

*Chokoleti.* Ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole sana. Kadiri chokoleti inavyokuwa nyeusi ndivyo sumu inavyozidi. Mbwa wa kilo 8 anaweza kuanza kutapika na kuhangaika baada ya kula gramu 30 hivi za chokoleti nyeusi, au gramu 70 hivi za chokoleti ya maziwa. Akizidisha, moyo huenda mbio na anaweza kupata degedege. Mtakatifu Nikolasi mmoja wa chokoleti aliyeachwa ndani ya kiatu sakafuni anatosha. Kiatu kiwekwe juu.

*Zabibu, mbichi na kavu.* Zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Cougnou nyingi zina zabibu kavu ndani yake. Pilau na biriani za sikukuu mara nyingi nazo pia.

*Zailitoli.* Ni sukari mbadala iliyomo kwenye bazoka zisizo na sukari, kwenye dawa nyingine za meno, na mara nyingine kwenye siagi ya karanga. Kwa mbwa hushusha sukari ya damu kwa kasi na inaweza kuharibu ini. Kwenye lebo tafuta neno xylitol au namba E967. Ukiiona, siagi hiyo ya karanga si ya mbwa.

*Kungumanga na karafuu.* Zote mbili zimo kwenye speculoos za kawaida. Brussels ukiagiza kahawa, mara nyingi huletwa na kijibiskuti hicho pembeni, na watu hukitupia mbwa. Kimoja hakitamuua, lakini usikifanye mazoea, na biskuti unazomwokea mwenyewe usizitie viungo hivyo. Mdalasini kidogo hauna neno.

*Mifupa iliyopikwa.* Huvunjika kama vibanzi na kutoboa utumbo. Mfupa wa kuku wa kuchoma ndio mbaya zaidi.

*Mafuta mengi.* Ngozi ya kuku, mafuta ya nyama choma na maandazi ya kukaanga yanaweza kuleta uvimbe wa kongosho, ugonjwa wenye maumivu makali.

*Unga wenye hamira na pombe.* Donge la maandazi lililoachwa liumuke linaendelea kuumuka tumboni mwa mbwa, na hamira hutengeneza pombe humo humo. Funika bakuli, uliweke juu ya kabati.

Mbwa akila kimojawapo, usisubiri dalili. Ubelgiji ina kituo cha ushauri kuhusu sumu, Centre Antipoisons kwa Kifaransa, Antigifcentrum kwa Kiholanzi, namba 070 245 245. Kinapokea simu usiku na mchana, bila malipo, na kinajibu pia maswali kuhusu wanyama. Kabla ya kupiga, uwe na mambo manne: uzito wa mbwa, alichokula, kiasi gani, na saa ngapi. Shika karatasi ya chokoleti mkononi, kwa sababu utaulizwa asilimia ya kakao. Usimtapishe mbwa kwa maji ya chumvi, maana chumvi yenyewe ni sumu kwake. Namba hiyo kwetu imebandikwa kwenye friji, chini ya namba ya daktari wa wanyama.

Kiasi gani kinatosha

Kanuni wanayoitumia madaktari wa wanyama ni rahisi: vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Mbwa wa kilo 8 asiyekimbia sana anahitaji kama kalori 400 hadi 500 kwa siku. Sehemu yake ya vitafunio basi ni kalori 40 hadi 50. Biskuti za mapishi haya, ukizikata ndogo, zina kalori 20 hivi kila moja. Kwa hiyo ni mbili kwa siku. Mbwa mkubwa wa kilo 30 anaweza kula tano au sita. Siku ya Krismasi ukimwongezea biskuti, mpunguzie chakula cha jioni.

Mbwa mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au mzio asipewe kitu kipya kabla hujamuuliza daktari wake. Kwa mbwa mwingine yeyote, anza na nusu kipande, usubiri hadi kesho yake.

1. Biskuti za viazi vitamu

Mahitaji: gramu 200 za kiazi kitamu kilichochemshwa bila chumvi na kupondwa, gramu 250 za unga wa atta, yai 1, maji vijiko viwili vitatu kama unga ni mkavu.

Washa oveni nyuzi 170 za Selsiasi. Changanya kiazi na yai, kisha ongeza unga kidogo kidogo huku ukikanda mpaka donge liache kushika mikono. Sukuma kama chapati, unene wa nusu sentimita. Kata kwa kifuniko cha chupa, au kwa vibati vya nyota na miti ya Krismasi. Panga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, oka dakika 30. Zima oveni, fungua mlango kidogo, ziache humo mpaka zipoe kabisa. Hapo ndipo zinapokauka na kuwa ngumu. Utapata vipande 60 hivi.

Mbwa asiyepatana na ngano, tumia unga wa mchele. Donge litakuwa linamomonyoka, hivyo ulikande vipande vidogo kwa mkono badala ya kusukuma.

2. Biskuti za dagaa za bibi

Dagaa wakavu tunawapata Matongé, mtaa wa maduka ya Kiafrika ulioko Ixelles karibu na Porte de Namur, ulioitwa kwa jina la mtaa wa Kinshasa. Wauzaji kutoka Kongo na Burundi huwaita ndakala au ndagala. Uliza kama wametiwa chumvi. Njia ya uhakika ni kumwonja mmoja. Wenye chumvi waloweke saa mbili, umwage maji, uwaloweke tena.

Mahitaji: gramu 50 za dagaa; gramu 200 za unga wa ngano au wa mchele; yai 1; kijiko 1 cha mafuta ya kupikia; maji kama theluthi moja ya kikombe.

Suuza dagaa mpaka mchanga wote uishe. Wachemshe dakika 10, wachuje, wasage kwa blenda pamoja na yale maji ya theluthi ya kikombe. Changanya na yai, mafuta na unga. Sukuma, kata vipande vidogo, oka dakika 30 kwa nyuzi 160. Acha zikaukie ndani ya oveni kama zile za kwanza.

Fungua dirisha, hata kama nje ni baridi. Harufu ya dagaa ndani ya ghorofa la Brussels mwezi wa Desemba ina mambo yake. Jirani wa chini alipanda kuuliza kuna nini. Simba, kwa upande wake, alikaa mbele ya oveni dakika zote 30 bila kuambiwa "kaa", na mama akanitazama kwa jicho la "nilisema".

3. Speculoos ya mbwa

Hii ina sura ya Kibelgiji bila sukari, karafuu wala kungumanga, na mtoto wa miaka mitano anaweza kuikanda.

Mahitaji: gramu 200 za unga wa atta, ndizi 1 mbivu sana, vijiko 2 vya siagi ya karanga isiyo na chumvi, sukari wala zailitoli, robo kijiko cha chai cha mdalasini, maji kidogo.

Ponda ndizi, changanya na siagi ya karanga na mdalasini, kisha unga. Likiwa gumu, ongeza maji kwa kijiko. Kama una kibao cha mbao cha speculoos chenye sura ya Mtakatifu Nikolasi, kinyunyizie unga, bonyeza donge, ligeuze taratibu. Sanamu kubwa ioke dakika 35 kwa nyuzi 160, halafu uivunje vipande kabla ya kumpa mbwa. Ukikata vidogo utapata 50.

Zawadi ya haraka: maini makavu

Usiku wa mkesha ukikukuta huna muda, chukua gramu 300 za maini ya kuku. Yachemshe dakika 10 bila chumvi, yakate vipande vya ukubwa wa ukucha, yapange kwenye trei na uyakaushe kwa nyuzi 100 kwa saa mbili. Mbwa wengi huyapenda kuliko biskuti yoyote. Yana vitamini A nyingi, kwa hiyo vipande vitatu vinne kwa siku vinatosha, na si kila siku.

Kuhifadhi

Ghorofa nyingi za hapa zina unyevu wakati wa baridi, na biskuti isiyokauka vizuri huota ukungu ndani ya siku chache. Ivunje moja katikati: ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikipinda, irudishe ovenini dakika 15 kwa nyuzi 100. Zilizokauka hukaa wiki mbili kwenye kopo lenye kifuniko. Laini zikae kwenye friji siku nne. Kwenye friza zote hudumu miezi mitatu. Maini kavu weka kwenye friji, yatumie ndani ya wiki moja. Chenye ukungu kitupwe chote, hata kama umeonekana kwenye kipande kimoja.

Andika MBWA kwenye kopo kwa herufi kubwa. Sisi tunaoka cha mbwa na cha watu jioni moja, na mjomba mwenye njaa hasomi.

Wageni wasiogusa mbwa

Nyumba nyingi za Waswahili hupokea Waislamu na Wakristo mezani pamoja, na hili linahitaji adabu. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Jirani zetu wengi wa Brussels wenye asili ya Moroko hufuata madhehebu ya Maliki, ambayo hayahesabu mate hayo kuwa najisi. Usimpime mgeni mmoja kwa desturi ya mwingine. Wala tusigeuze najisi kuwa chuki: Uislamu huo huo una simulizi ya mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe dhambi zake.

Kwa vitendo, Simba ana bakuli lake, sifongo chake na kona yake. Kabla ya mgeni wa aina hiyo kuja tunafagia na kupiga deki, tunatandika mkeka safi wa kuswalia katika chumba ambacho mbwa haingii, na mbwa hukaa chumba kingine na biskuti zake za dagaa. Mgeni anastarehe, na mbwa hajisikii kafukuzwa.

Ukifikiria kuuza

Nimeshaulizwa na akina mama wawili kama biskuti hizi zinauzika. Zinauzika, lakini kumpa rafiki kopo moja na kuuza ni mambo mawili. Chakula cha wanyama kinachouzwa kipo chini ya sheria za Umoja wa Ulaya, ikiwemo kanuni namba 183 ya mwaka 2005 kuhusu usafi wa vyakula vya mifugo na wanyama wa nyumbani. Hapa Ubelgiji msimamizi ni shirika la serikali linaloitwa AFSCA kwa Kifaransa na FAVV kwa Kiholanzi. Anayetengeneza ili auze hujiandikisha huko kwanza, na ukitumia nyama, maini au samaki masharti huongezeka. Waulize kabla ya kuoka kopo la kwanza la biashara.

Kazi ya mtoto

Neno la mwisho ni kwa wazazi wenye watoto wanaokijibu Kiswahili kwa kusitasita. Usimpe mtoto mapishi haya yakiwa yametafsiriwa. Mwambie ayasome kwa sauti mwenyewe, huku wewe ukipima unga. Atakwama kwenye "suuza", "ponda", "nyunyizia". Mwache akwame, kisha mwonyeshe kwa mikono. Maneno ya jikoni ndiyo ya kwanza kupotea ugenini, kwa sababu hayafundishwi darasani na watu wazima huyafanya bila kuyasema. Binti yangu aliyajua yote kufikia trei ya tatu. Bibi yake amesharudi Moshi, na siku hizi akipiga simu mtoto ndiye anayeishika kwanza. Wanaanza na "Shikamoo bibi", wanapita kwenye shule na hali ya hewa, halafu wanafika kwenye dagaa: wameloweka muda gani, wamesaga vizuri, mbwa kala ngapi. Mazungumzo hayo huchukua dakika 20, na hakuna neno hata moja la Kifaransa ndani yake.